Moshi wa Kinyerezi I na Ubungo: kwa nini haufui umeme kama wa Kinyerezi II?

Swali la msomaji: "Shikamoo mhandisi. Naishi Kinyerezi na nikikaa barazani naiona mitambo ya umeme. Kuna siku inavuma mchana kutwa, kuna siku kimya. Nimesikia Kinyerezi II inapata umeme mara mbili kwa gesi ile ile, mara ya kwanza kwa gesi yenyewe na mara ya pili kwa moshi wake. Kama ni kweli, kwa nini Kinyerezi I na Ubungo hawafanyi hivyo, wakaacha kuunguza gesi yetu bure? Halafu bwawa la Nyerere si limekamilika? Gesi ya nini tena?"

Marahaba, ndugu yangu. Ulichosikia ni kweli, isipokuwa hapo kwenye "mara mbili". Umeme unaopatikana kwa moshi haufikii ule wa kwanza, unakaribia nusu yake. Ushahidi unao jirani. Kinyerezi II ilipozinduliwa Aprili 2018 ilikuwa inatoa megawati 167.82, yaani tabaini sita za gesi, kila moja megawati 27.97. Baadaye tabaini mbili za mvuke zikaingia kazini na uwezo wa kituo ukafika megawati 248.22. Ziliongezeka megawati 80 na ushee bila kuongeza gesi hata kidogo. Nguvu hizo zilikuwa zikipanda angani na kupotea.

Tabaini ya gesi inavuta hewa, inaikandamiza, inaichanganya na gesi na kuiunguza. Hewa hiyo iliyotanuka ndiyo inayozungusha mapanga, na mapanga yanazungusha jenereta. Ikishamaliza kazi inatoka nyuma ikiwa bado na joto kali, nyuzi 500 na zaidi za Selsiasi kwa tabaini nyingi za viwandani. Kila sehemu tatu za joto lililomo kwenye gesi, moja tu ndiyo imegeuka umeme. Mbili zinatoka na moshi. Kwenye kituo cha gesi na mvuke, kile kinachoitwa cha mzunguko unganishi, moshi huo hauachwi uende zake. Unapitishwa kwenye boila kubwa yenye maelfu ya mabomba membamba yaliyojaa maji. Maji yanachemka, mvuke wenye msukumo mkubwa unakwenda kuzungusha tabaini nyingine, kisha unapozwa, unarudi kuwa maji na kuanza safari upya. Mama aliyepika wali akaona makaa bado mekundu akaweka sufuria ya maji ya kuoga, hajanunua mkaa mpya. Hesabu ni hiyo hiyo.

Wewe unayeishi jirani unaweza hata kuona tofauti kwa macho. Gesi asilia haitoi moshi mweusi, kwa hiyo usiutafute. Tazama hewa juu ya bomba. Kituo cha gesi peke yake kikiwa kazini, hewa pale juu inatetema sana kwa sababu ya joto. Moshi uliopita kwenye boila unatoka ukiwa na nyuzi mia moja na kidogo tu, na mtetemo unapungua sana.

Sasa tuitazame gesi kwa kipimo cha luku. Tabaini ya gesi peke yake yenye ufanisi wa asilimia 34 hivi inakula karibu futi za ujazo 10 za gesi kwa kila uniti ya umeme. Ukiifungia sehemu ya mvuke na ufanisi ukafika asilimia 50, uniti hiyo hiyo inapatikana kwa futi zisizofika 7. Mteja mdogo wa uniti 75 kwa mwezi anamaliza futi 750 kwa njia ya kwanza na kama 510 kwa njia ya pili. Kwa kituo cha ukubwa wa Kinyerezi II kikifanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana, tofauti inakaribia futi za ujazo milioni 19 kila siku. Ni gesi nyingi sana. Yeyote aliyewahi kupanga foleni na bajaji yake kwenye vituo vya gesi ya magari hapa Dar es Salaam anaijua thamani yake.

Kwa hiyo swali lako lina haki kabisa: kama faida ndiyo hiyo, wengine wanangoja nini?

Tuanze na Ubungo, kwa sababu watu wengi wanadhani ni mtambo mmoja. Pale kuna vituo vya aina tatu tofauti. Kuna kile kilichoendeshwa na kampuni ya Songas, cha megawati 189, kilichoanza kutumia gesi ya Songo Songo mwaka 2004 na mkataba wake wa miaka 20 ukaisha Oktoba 31, 2024. Kuna Ubungo I ya TANESCO, ya megawati 102, ambayo haina tabaini hata moja. Ile ni injini za pistoni za Wärtsilä, ndugu wa injini ya meli, ila zinakunywa gesi. Tegeta, ya megawati 45, ni ya aina hiyo hiyo. Na kuna Ubungo II, yenye tabaini tatu za Siemens, iliyoingia kwenye gridi mwaka 2012.

Injini za pistoni tuziondoe kwenye mjadala mapema. Zenyewe tayari zina ufanisi mzuri, zinazidi asilimia 40, na moshi wake si wa moto kama wa tabaini. Ukizifungia boila utapata megawati chache kwa gharama kubwa na mabomba mengi ya kutunza. Sifa yake iko kwingine: unaweza kuwasha moja, mbili au kumi na mbili kadiri mahitaji yanavyopanda, na kila inayowaka inafanya kazi karibu na ufanisi wake wa juu. Tabaini kubwa ukiiendesha kwa nusu ya nguvu inakula gesi vibaya.

Kinyerezi I ilianza na tabaini nne zenye asili ya injini za ndege, jumla megawati 150. Za aina hii hutoa umeme mwingi zaidi kwa gesi kuliko tabaini za kawaida za ukubwa wake, na moshi wake hutoka ukiwa umepoa kidogo. Hata hivyo zinafungika mvuke. Pale Maputo kuna kituo cha megawati 106 cha gesi na mvuke kilichojengwa na Sumitomo, kampuni ile ile iliyojenga Kinyerezi II. Kilikamilika mwaka 2018. Wenzetu wa Msumbiji walikijenga hivyo tangu mwanzo. Faida ya mvuke inakuwa ndogo kidogo kuliko ile ya Kinyerezi II, lakini ipo.

Kilichobaki ni Ubungo II na tabaini za kituo cha Songas. Kwa karatasi, Ubungo II inafaa sana, maana moshi wa tabaini zile ni wa moto wa kutosha. Tatizo ni pale zilipo. Boila ya moshi si kitu cha kuchomeka ukutani. Kila tabaini inahitaji jengo la boila refu kama ghorofa, halafu ukumbi wa tabaini ya mvuke, mitambo ya kusafisha maji, transfoma mpya na eneo la kupozea mvuke ambalo mara nyingi ni kubwa kuliko vyote hivyo. Anayepita Ubungo kila siku anajua kwamba barabara, majengo na nyaya vimekwisha kubana kila upande.

Na hapo kwenye kupoza mvuke ndipo palipo na jambo ambalo hatulizungumzi vya kutosha. Mvuke ukitoka kwenye tabaini lazima ugeuzwe maji haraka, la sivyo msukumo wa nyuma unaua nguvu. Njia rahisi ni maji mengi ya baridi: bahari, ziwa au mto. Ubungo na Kinyerezi haziko ufukweni. Ungesema basi tuchukue maji ya Ruvu kama yanavyokuja majumbani. Kumbuka Oktoba 2022. Ruvu ilishuka, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, na majuma hayo hayo mabwawa ya umeme yakapungua, mgao wa umeme ukafuata. Ukame ni mmoja. Kituo cha gesi kinachotegemea maji ya Ruvu kingekuwa hoi siku ile ile ambayo nchi inakihitaji kuliko siku nyingine zote. Ningeshauri mtu yeyote anayepanga kituo cha gesi na mvuke kwenye jiji hili aliandike hilo ukurasa wa kwanza wa mpango wake.

Suluhisho lipo, nalo ni kupoza kwa hewa. Mvuke unapitishwa kwenye mabomba yenye mapezi huku feni kubwa mno zikipuliza kutoka chini. Wamisri wamefanya hivyo jangwani. Kati ya vituo vyao vitatu vikubwa vilivyokamilika 2018, kila kimoja megawati 4,800, kile cha Mji Mkuu Mpya hakina mto wala bahari karibu na kinapozwa kwa hewa. Burullus kinatumia bahari, Beni Suef kinatumia Mto Nile. Elsewedy, mmoja wa washirika wa Siemens katika kazi hiyo, ndiyo kampuni iliyokuja Rufiji kujenga bwawa la Nyerere pamoja na Arab Contractors. Hewa inakugharimu eneo, umeme wa kuendesha feni, na sehemu ya nguvu ya mvuke kila jua linapowaka. Mchana wa Januari hapa Dar, tabaini ya gesi yenyewe imekwisha punguza nguvu kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, na upozaji nao unalegea. Umeme unapungua saa zile zile feni na viyoyozi vya jiji zima vinapowashwa.

Yote hayo, nafasi, maji na aina ya mashine, yanatatulika ukiwa na fedha. Kinachoamua kama fedha hizo zina maana ni kitu kimoja: mtambo utafanya kazi saa ngapi kwa mwaka?

Mwaka una saa 8,760. Tuseme umeongeza megawati 60 za mvuke kwenye kituo cha megawati 120. Kituo kikifanya kazi saa 7,000, mvuke unakupa uniti milioni 420 bila kununua gesi ya ziada. Mkopo utalipika na bado utabaki na akiba. Kituo hicho hicho kikiwashwa saa 700 tu kwa mwaka, kwa ajili ya vipindi vya dharura, mvuke unakupa uniti milioni 42. Mkopo haujapungua hata shilingi. Boila inahitaji matunzo yale yale, wataalamu wanalipwa mishahara ile ile. Hapo umetumia fedha nyingi kuokoa gesi kidogo.

Kuna na suala la kuwasha. Tabaini yenye asili ya injini ya ndege inaweza kutoka kwenye ubaridi hadi nguvu zote ndani ya dakika kumi hivi. Sehemu ya mvuke haitaki haraka. Boila ina vyombo vya chuma kinene. Ukikipasha joto ghafla, upande wa ndani unatanuka kabla ya wa nje, na nyufa zinaanza. Rota ya tabaini ya mvuke, yaani mhimili wake unaozunguka, ikisimamishwa ikiwa ya moto bila kuzungushwa, inapinda kwa sababu upande wa chini unapoa kabla ya wa juu. Ndiyo maana baada ya kuzima, waendeshaji huiacha ikizungushwa polepole na mota ndogo kwa saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi, mpaka ipoe sawasawa. Kuwasha kituo kilichopoa kabisa ni kazi ya saa kadhaa. Ukikilazimisha kuwaka jioni na kuzima usiku kila siku, unakizeesha mapema.

Sasa nifike kwenye bwawa, kwa sababu ndilo lililobadilisha hesabu yote. Mtambo wa kwanza wa Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024, na yote tisa, kila mmoja megawati 235, ikakamilika mwaka 2025. Jumla ni megawati 2,115. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi mwaka huo yalikuwa yakikaribia 2,000. Maana yake, mvua zikiwa nzuri, maji peke yake yanaweza kubeba karibu mzigo wote wa nchi, na uniti ya maji haina gharama ya mafuta wala gesi. Msimamizi wa gridi mwenye akili timamu atazima gesi kwanza. Ndiyo siku zako za kimya hizo. Usione kama mitambo imetelekezwa, ni uamuzi sahihi kabisa.

Lakini kuifunga ni jambo jingine, na hapa sikubaliani nawe hata kidogo.

Angalia maji ya Nyerere yanatoka wapi. Mto Kilombero peke yake unachangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu, ambao nao unamwaga Rufiji. Kihansi iko kwenye bonde hilo hilo. Tumejenga bwawa jipya kubwa, tena zuri, na lina tumbo la kuhifadhi maji kupita mabwawa yetu yote ya zamani, lakini kapu ni lile lile. Nyanda za Juu Kusini zikikosa mvua misimu miwili mfululizo, vituo vyote hivyo vinaumia kwa pamoja. Tuliyapitia 2006, tukayapitia 2011, tukayapitia 2022. Mwaka 2006 tulikimbilia mitambo ya kukodi kwa pupa, na kapasiti chaji za mikataba ya dharura, yaani malipo ya kuwepo kwa mtambo hata usipozalisha umeme, zikatusumbua kwa miaka. Mitambo ya gesi iliyokwisha jengwa, iliyoko kwenye ardhi yetu, ikitunzwa vizuri, ndiyo kinga ya kutorudi huko.

Halafu kuna usalama wa gridi kila saa. Mtambo mmoja wa Nyerere ukitoka ghafla, nchi inapoteza megawati 235 kwa mpigo, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya juu, na usiku wa manane sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Umeme wake unasafiri kwa njia ya kilovoti 400 hadi Chalinze ndipo ugawanywe. Dar es Salaam, mlaji mkubwa kuliko wote, iko mwisho wa njia hizo. Mitambo michache ya gesi ikizunguka hapa hapa jijini inashikilia msongo wa umeme (volti) usishuke na inasaidia kuziba pengo sekunde za kwanza. Siyo umeme mwingi, ni umeme ulio karibu na ulio tayari.

Kwa hiyo jibu langu kwa kila kituo ni hili. Kinyerezi II, kwa kuwa inatumia gesi kidogo kwa uniti, iwe ya kwanza kuwashwa kila gesi inapohitajika kwa siku nyingi mfululizo, kama kiangazi kirefu au vuli iliyogoma. Kinyerezi I na injini za Ubungo na Tegeta zibaki kama zilivyo, akiba ya haraka kwa saa za jioni na hitilafu. Sioni busara ya kukopa ili kuzifungia boila. Ubungo II ningeifanyia upembuzi, lakini kama maji yataendelea kubeba mzigo mkubwa, sidhani kama hesabu itakubali.

Mahali ambapo mvuke una haki yake ni kwenye vituo vipya vitakavyofanya kazi mwaka mzima. Kituo cha megawati 300 kilichokuwa kwenye mipango kwa miaka mingi huko Mtwara ni mfano mzuri: gesi ya Mnazi Bay iko hapo hapo, bahari iko hapo ya kupozea, hakuna haja ya kugombania maji ya kunywa ya mtu yeyote. Kinachokosekana ni njia kubwa ya kusafirishia umeme na mahitaji ya uhakika ya kuulisha. Uchumi ukikua na mzigo wa nchi ukapita uwezo wa Nyerere, wakati wake utafika, na kikija, kije na boila zake tangu siku ya kwanza. Kufunga mvuke baadaye ni ghali kuliko kujenga vyote kwa pamoja.

Na hiyo "gesi yetu" nayo tuiseme sawasawa. Ile futi trilioni 57 tunayotajiwa, sehemu kubwa iko chini ya bahari ya kina kirefu na haijachimbwa. Inayofika Kinyerezi inatoka Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982. Visima hivyo vina umri na vina mwisho. Bomba la inchi 36 kutoka Mtwara lililozinduliwa Oktoba 2015 lina nafasi ya gesi nyingi zaidi, lakini bomba halizalishi gesi. Kila futi ambayo Nyerere inatuwezesha kutoiunguza leo inabaki kwa kiwanda cha saruji, kwa magari, na kwa kiangazi kibaya kijacho.

Ukitaka kufuatilia jambo hili kama mwananchi, nenda kwenye vikao vya wazi vya bei ya umeme vya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na uulize mambo matatu kwa kila kituo cha gesi: kilifanya kazi saa ngapi mwaka uliopita, kilitumia futi ngapi za gesi kwa uniti, na mara ya mwisho kiliwashwa kwa majaribio kikiwa kwenye akiba lini. La mwisho ndilo ningelisisitiza zaidi. Mtambo uliokaa kimya miezi mingi bila kuzungushwa, bila kukaushwa unyevu wa pwani ndani ya boila na jenereta, hauwezi kuaminika siku ya dharura, hata kama kwenye orodha bado unahesabiwa kuwa na megawati zake zote.